Mwambie Akupe Kaa

Nilikuwa na miaka saba siku bibi aliponipa kigae cha mtungi uliovunjika na kunituma nyumba ya pili. "Nenda kwa mama wa pale, mwambie bibi anasema akupe kaa." Pangani ya wakati ule kuomba moto kwa jirani lilikuwa jambo la kila siku. Njiti za kiberiti zilihesabiwa, na aliyewahi kuwasha jiko asubuhi ndiye aliyewagawia wenzake. Nikatoka mbio na kigae changu mkononi.

Nilimkuta mama yule uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi anasema unipe kaa."

Akanitazama, akakitazama kigae, kisha akageuza uso upande wa nyumba yetu kama mtu anayesikiliza kitu. "Bibi kasema nikupe kaa?"

"Ndiyo."

"Haya basi. Kaa." Akanisogezea kigoda kwa mguu.

Nikakaa. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani moto haujakolea na ninatakiwa kusubiri. Nazi ya kwanza ikaisha, ya pili ikapasuliwa, nikapewa maji yake ninywe. Jiko lilikuwa pale pale mbele yangu, makaa yameiva, na mama wa watu hana habari nayo. Mwishowe nikasema, "Mama, bibi ananisubiri."

"Bibi kasema nikupe nini?"

"Kaa."

"Sasa si nimekupa?"

Ilinichukua muda kuelewa. Nakumbuka joto lililonipanda usoni, kisha kicheko kilichonitoka bila kutaka, kwa sababu nilipoigeuza ile sentensi kichwani sikuona mahali popote nilipodanganywa. Bibi alisema nipewe kaa. Nimepewa. Hakuna aliyesema uongo.

Watu huona aibu kunaswa na mzaha wa maneno. Anayenaswa huitwa zoba, huitwa boya, huitwa mshamba. Husemwa kaingizwa mjini, kapigwa changa la macho, kauziwa mbuzi kwenye gunia. Nataka kumtetea mtu huyo. Ninaamini kwamba kinachomnasa ni kile kile kinachomfanya awe mtu wa kuzungumza naye, na kwamba siku tutakapofaulu kulea watoto wasionasika kabisa, tutakuwa tumelea watoto wasiomsikiliza mtu.

Tuanze na kaa lenyewe. Kiswahili kina kaa la moto, kina kaa wa kwenye mikoko, na kina kitenzi cha kukaa. Kwa kawaida hatuchanganyikiwi, kwa sababu lugha yetu imejaa walinzi. Ukisema kaa moja, ni la jikoni; ukisema kaa mmoja, ana magando. Mbuzi yuko jikoni, mfukuze asile unga. Mbuzi iko jikoni, ilete tukune nazi. Ukisema jana nilimwona tembo, msikilizaji anaona mkonga na masikio. Ukisema jana niliona tembo, kwa kuangusha kiambishi kimoja tu, mtu wa mwambao huenda akafikiria kibuyu cha mgema. Upatanisho wa ngeli, ule uliotutoa jasho darasani, ndio unaotushika mkono kila siku na kutuvusha salama katikati ya maneno yanayofanana.

Bibi yangu hakufundishwa ngeli, lakini alijua ni neno gani la kuliacha nje. Angesema "akupe kaa la moto", au hata "kaa moja", mtego ungefyatuka kabla sijavuka uzio. Alisema kaa, akanyamaza. Nomino tupu, nyuma yake kitenzi cha kupa, bila sifa, bila idadi, bila kiambishi cha kuisemea. Anayefanya mzaha wa maneno hufanya hivyo daima: hutafuta mahali mlinzi amesinzia. Wakati mwingine hata hahitaji kutafuta sana. Mto wa kulalia na mto wa kuvuka ni wa ngeli moja, kwa hiyo mtu akikuambia asubuhi kwamba mto wake umejaa maji, ngeli haikusaidii kitu. Na Mkenya anayemwita mama wa mzazi wake nyanya anaweza kumtuma mgeni kutoka Tanzania amletee nyanya kutoka sokoni, kisha amuulize mbona kaleta tunda na kumwacha bibi.

Wanafunzi wa sekondari nchini Kenya hukutana na jambo hili likiwa limevaa sare ya shule. Huitwa utata, na mfano wake maarufu ni sentensi "Alimpigia mpira". Je, aliupiga mpira kwa niaba yake? Alimlenga yeye kwa mpira? Aliupiga kuelekea alipo? Mwanafunzi hutakiwa kutaja maana hizo moja baada ya nyingine na kupewa alama. Sina ugomvi na zoezi hilo. Najua tu kwamba mtoto aliyekwisha kukalishwa kwenye kigoda analielewa kabla ya mwalimu kuandika ubaoni.

Angalia sasa ni nani anayeweza kunaswa na kaa. Mgeni wa lugha asingenaswa. Angeuliza kaa ni nini. Aliyejua maana moja tu asingenaswa vilevile, maana mtego unahitaji zote mbili ziwe kichwani mwake, moja imesimama mbele na nyingine imejificha nyuma ya mlango. Kicheko kinakuja pale ya nyuma inapotoka. Mzaha wa aina hii humkuta mwenye lugha akiwa nyumbani kwake.

Ipo mitego isiyotegemea neno lenye maana mbili. Jogoo katagia juu ya paa la nyumba iliyo mpakani, je, yai ni la nchi gani? Ndege imeanguka Namanga, nusu upande wa Kenya na nusu upande wa Tanzania. Manusura wazikwe wapi? Swali hili la pili niliwahi kumuuliza mtu aliyesomea sheria. Alikunja uso, akaanza kunieleza habari za uraia, za ndege ilisajiliwa wapi, za ndugu kupewa haki ya kuchagua. Alizungumza vizuri, kwa mpangilio, hadi alipofika mahali akasema, "kwa hiyo hao manusura..." na sauti yake mwenyewe ikamsimamisha. Alikuwa amelitamka neno lile mara tatu. Mdomo ulilijua, sikio lililisikia, lakini akili ilikuwa imekwisha kwenda makaburini.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Erickson na Mark Mattson, waliwauliza watu Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila aina katika safina. Wengi walijibu wawili, ingawa walijua vizuri kwamba mwenye safina ni Nuhu. Walikuwa wameambiwa mapema kwamba baadhi ya maswali yanaweza kuwa na kasoro, na swali walilisoma kwa sauti zao wenyewe, lakini bado walipita juu ya Musa kama hawakumwona. Swali hilo hunasa kwetu pia, barazani kwa Waislamu na nje ya kanisa baada ya ibada, kwa kuwa Musa na Nuhu wote wawili ni watu wa nyumbani. Watafiti waliokuja baadaye waliweka jina la Adamu mahali pa Musa, na walionaswa wakapungua. Jina la uongo lazima liwe jirani wa lile la kweli. Akiwa mgeni kabisa, mbwa wanabweka.

Hivyo ndivyo tunavyosikiliza. Hatupimi kila neno kwenye mizani kama muuza dhahabu. Tunanunua fungu, kama nyanya za sokoni: macho yanapita juu, fungu linaonekana zima, fedha inatoka, na ile iliyooza imekaa chini. Hatuna namna nyingine. Mtu ambaye angeligeuza kila neno la kila anayemsalimia asingefika mwisho wa mtaa, na baada ya wiki moja asingebaki na wa kumsalimia.

Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, alieleza kwamba wanaozungumza huwa na mapatano wasiyoyatamka. Ninachukulia kwamba unaniambia kinachohusika, kwamba unakiamini, na kwamba hukunipunguzia wala kunizidishia. Swali la manusura linavunja mapatano hayo kwa makusudi: linauliza kaburi la mtu aliye hai huku likivaa sura ya swali la kweli. Timothy Levine, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza uongo, hufundisha kwamba binadamu huanza kwa kuamini, na kwamba kuanza hivyo kuna faida kwa sababu mara nyingi watu husemezana kweli. Na wale wanaojisifu kwamba wao hawadanganyiki wana takwimu ya kuikumbuka. Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi na kuchapisha jumla yake mwaka 2006. Mtu wa kawaida, akiambiwa atenganishe mkweli na mwongo, hupatia kwa asilimia 54 hivi. Kurusha sarafu hewani kungempa 50.

Lakini Kiswahili kilikwisha kulisema hili kabla ya utafiti wowote, na kulisema kwa kitenzi kimoja. Tunatega mtego. Tunatega kitendawili. Na tunatega sikio. Mwindaji na msikilizaji wamepewa neno moja, na kila ninapolifikiria hilo naona halikuwa bahati. Sikio lililotegwa liko wazi, limesubiri, na chochote kinachopita kinaweza kulifyatua. Kisha lugha ikaongeza kinyume chake: kutegua. Mtego huteguliwa ili mtu asiumie, na kitendawili huteguliwa ili kila mtu aliyekaa pale aondoke na jibu.

Hapo kwenye kutegua ndipo ninapoona mpaka kati ya mzaha na uovu. Mzaha usio na madhara hufunguliwa mbele ya aliyenaswa, haraka, na wakati wa kufunguliwa yeye ndiye wa kwanza kuonyeshwa ulivyofungwa. Mama yule hakuniacha niende nyumbani nikiwa sijui. Aliniuliza bibi kasema nini, akaniongoza kwa swali hadi nikaligusa neno mwenyewe.

Tazama utaratibu wa vitendawili vyenyewe. Mmoja anasema "Kitendawili!" na hawezi kuendelea mpaka wenzake wamjibu "Tega!" Ridhaa inatangulia. Wakishindwa, anawaambia wampe mji, nao wanampa: Mombasa, Tabora, Bagamoyo, wowote wanaotaka. Anaupokea, anakwenda huko kwa maneno, anajisifu kwa chakula alichokula na heshima aliyopewa, halafu anarudi na kutegua. Aliyeshindwa ametozwa, ametozwa mji mzima, na hakupungukiwa na hata senti. Huwa nashangaa kwamba mtu aliyetapeliwa tunamwita aliyeingizwa mjini, na yule aliyenaswa na kitendawili ndiye mwenye kutoa mji.

Linganisha na ujumbe ambao kila mwenye simu Tanzania ameuona: "Ile hela itume kwenye namba hii." Hauna salamu, hauna jina, na nguvu yake yote imekaa kwenye neno ile. Ile ni neno la watu wanaofahamiana. Nikisema ile hela, nimekwisha kukuambia kwamba ipo, kwamba tuliizungumza, kwamba kilichobaki ni namba tu. Sikio jema linafanya kazi yake: linatafuta hela ambayo inaweza kuwa ile. Na mjini kuna maelfu ya watu ambao asubuhi hiyo hiyo kweli wameahidi kumtumia mtu fedha, karo ya mtoto, kodi ya chumba, mchango wa msiba. Mmoja wao akiituma, hakuna wa kumwambia "Sasa si nimekupa?" Mtego ule hauteguliwi. Aliyeutega amezima simu.

Namfahamu mama mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, aliyepoteza fedha ya mzigo kwa namna hiyo. Kilichomuumiza zaidi ya fedha kilikuwa maneno ya watu wake. Walimwambia ni mjinga. Mtu anayekopesha nusu ya mtaa bila maandishi na kulipwa, kwa sababu anasikiliza watu na watu wanajua anawaamini, aliitwa mjinga kwa kuamini mara moja zaidi. Nilimwambia ninachoandika hapa: sikio lake halikuwa na kosa. Mwizi alipita kwenye mlango ambao wateja wake hupita kila siku, na mlango huo ndio duka lake.

Kuna mzaha mwingine ambao sitauita mzaha. Katika shule moja niliyosoma alikuja mtoto kutoka bara, Kiswahili chake bado kigumu, herufi za r na l zikimgombea mdomoni. Wenzetu wakampata. Wakawa wanamfundisha maneno machafu na kumwambia hayo ndiyo maamkizi ya heshima, kisha wanamtuma kwa mwalimu. Walicheka sana, na mimi nilicheka nao, na ninajuta mpaka leo. Kwa nje lilifanana na kaa la bibi: mtoto anatumwa, anabeba neno asilolijua uzito wake, watu wanacheka. Lakini mimi nilinaswa kwa sababu ya ninachokijua, yeye alinaswa kwa sababu ya asichokijua. Mimi nilipotoka kwenye kigoda lugha yangu ilikuwa imeongezeka. Yeye alipotoka ofisini kwa mwalimu aliacha kusema kabisa, karibu muhula mzima.

Na ndiyo maana wazee waliweka mzaha kwenye uzio. Utani, ambao mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliuandikia makala maarufu mwaka 1940 alipozungumzia mahusiano ya mzaha katika Afrika, una wenyewe. Mpare ana Mchaga wake, Mngoni ana Mhehe wake, babu ana mjukuu wake. Mtani anaruhusiwa kukuteka kwa maneno hata msibani, na huruhusiwi kukasirika, kwa sababu zamu yako inakuja na kwa sababu siku ya shida mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe la kaburi. Asiye mtani wako hana ruhusa hiyo. Mtoto mgeni darasani hakuwa mtani wa mtu yeyote. Hakuwa na lugha ya kumrudishia mtu zamu.

Ninachohofia sasa ni kwamba mizaha ile mizuri inatoka mikononi mwa bibi na babu na kubaki kwenye vitabu vya mitihani. Kitendawili kimekuwa swali lenye nafasi ya kujaza na jibu moja lililo sahihi. Hakuna "Tega!", hakuna mji, hakuna safari ya kwenda Tabora kula pilau ya maneno. Mtoto anajifunza jibu na kuliandika. Lakini jibu ni sehemu ndogo kabisa ya kitendawili. Sehemu kubwa ni kule kukaa katikati ya watu wanaokupenda, kukosea mbele yao, kuambiwa ulipokosea, na kutega tena sikio dakika hiyo hiyo bila kovu. Sijui shule gani nyingine inayofundisha kwamba swali lenyewe linaweza kuwa bovu. Aliyekwisha kuzika manusura mara moja mbele ya wajomba zake husita kidogo anapokutana na neno ile kwenye simu. Husita, na bado anaendelea kuwaamini wajomba.

Wazazi wenzangu huniambia watoto wa leo ni wajanja, hawanasiki. Nimejaribu kwa wangu. Nilimuuliza binti yangu karatasi ina rangi gani, akasema nyeupe, pamba, nyeupe, wali, mweupe, ng'ombe hunywa nini? "Maziwa!" Akafunika mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha akakimbia barazani kumtafuta mdogo wake, na nikasikia anaanza: karatasi ina rangi gani?

Sababu ya mimi kukalishwa siku ile niliijua baadaye. Chumbani mama alikuwa ameshikwa na uchungu, mkunga amekwisha kuingia, na bibi hakutaka niwe pale mlangoni nikisikia. Angeweza kunifukuza kwa ukali, ningejificha nyuma ya dirisha na kuogopa. Alinipa kigae na neno moja. Jirani hakuhitaji barua. Alisikiliza upande wa nyumba yetu, akaelewa, akavuta kigoda.

Nilikaa mpaka kivuli cha mwembe kikafika kisimani. Ndipo sauti ya bibi ikaita kutoka ng'ambo ya uzio, mara moja tu. Mama yule akainuka kwenye mbuzi, akajikung'uta, akachukua koleo. Alichagua kaa kubwa kuliko yote, akaliweka katikati ya kigae na kulifunika kwa jivu kidogo. "Mpelekee bibi," alisema. "Mwambie kaa la moto hili hapa." Nikarudi polepole, nalipuliza kila hatua chache lisije likanizimikia, na kabla sijafika mlangoni nikasikia kitoto kinalia. Bibi akatoka na kanga kifuani, akalipokea kaa kwa mikono miwili. Palihitajika maji ya moto ya kumkanda mama, na jiko letu lilikuwa limelala baridi tangu asubuhi.